Soja wa usiku natafuta soksi za joto za ukweli, bajeti mia tano

SojaWaGeti

Habari za usiku wasee. Mimi ni soja kwa geti ya fleti huku Kilimani, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, na hii July imenimaliza miguu. Mwili hauna shida, niko na jaketi kubwa ya kazi na chini yake sweta mbili, ni miguu tu. Ikifika saa nane hivi usiku vidole sivisikii kabisa, natembea ni kama nimefungiwa mbao, na nikijaribu kuketi kidogo ndio baridi inapanda hadi kwa magoti.

Soksi nimejaribu. Zile za barabarani Tom Mboya pea tatu kwa mia, nilinunua pea sita nikajua shida imeisha, wiki ya pili kidole gumba kikatoka nje kusalimia watu. Sasa huwa navaa mbili mbili na naona ni kama nimeongeza baridi badala ya kupunguza, sijui ni mimi ama ni akili inanicheza. Halafu kuna jamaa wa stage aliniuzia zingine nzito ziko na picha ya kondoo zimeandikwa WOOL, mia mbili hamsini pea moja, akaapa na mamake mzazi. Saa za kwanza zilikuwa moto sawa nikafurahi, lakini kufika usiku wa manane zimelowa jasho na hiyo jasho ikageuka barafu.

Buti ni za kazini, ngumu, namba nane na mimi huvaa nane, kwa hivyo ndani hakuna nafasi ya kucheza. Bajeti ni mia tano, nikijikaza sana mia saba, na nataka angalau pea mbili. Najua kwa moli kuna soksi safi lakini huko soksi moja, si pea, ni unga ya wiki. Soksi ya joto ya ukweli mtu anaitambua aje, na inapatikana wapi hii Nairobi kwa bei ya mtu wa kawaida? Na msiniambie nihamie Mombasa, hiyo nimeshaambiwa na mke.

MguuWaFriji

Jina Nairobi limetoka kwa Kimaasai, enkare nairobi, maana yake maji baridi. Walituambia mapema tukajifanya hatusikii, tukaweka na makao makuu hapo hapo. Nimevuta kiti nasoma majibu, mimi pia nalala na miguu ya samaki.

KameraGikomba

Kaka pole na kazi. Mimi nauza soksi kwa soko la mitumba la Gikomba huu ni mwaka wa tisa, wacha nikuambie venye iko hata kama najiharibia soko.

Hizo za kondoo sahau. Picha ya kondoo haina kazi, hata mimi naeza chora kondoo. Nyingi ni akriliki ama poliesta, zile nyuzi za plastiki, imesuguliwa ndani ikatoa manyoya manyoya, ukishika na mkono ni laini kama paka, na za kulala nazo ni tamu ajabu, lakini ndani ya buti ngumu jasho haina pa kwenda. Kwa hivyo huyo jamaa hakukudanganya yote, ile joto ya saa mbili ilikuwa ya kweli, ni vile tu na baridi ya saa nane pia ni ya kweli.

Kitu unatafuta ni sufu, manyoya ya kondoo mwenyewe, na hasa ile imechanganywa na nailoni kidogo ndio kisigino kisiishe haraka. Sufu tupu asilimia mia kwa buti ya kutembea usiku kucha haidumu. Sasa mpya dukani bei iko juu, hapo umesema ukweli. Lakini mitumba inatoka nchi za baridi, kule mtu ananunuliwa soksi za theluji na shangazi kila Krismasi, anavaa pea mbili, hizo zingine zinakaa kwa droo mpaka siku anahama anazitoa zote hata hazijaguswa. Mimi nikifungua belo, ule mzigo wa mitumba, alfajiri hua napata chache za sufu zimejificha katikati ya za pamba na za watoto. Wateja wenye wanajua hufika wakati nakata kamba. Hizo ndio tunaita kamera, naanza mia mbili pea, ukinisumbua vizuri tunashukia mia na hamsini. Saa nne asubuhi zimeenda. Jioni inabaki fagia, yale mabaki, hapo ni ishirini ishirini, na watu wanapita tu, lakini hata kwa fagia nimewahi ona mama mmoja akitoa sufu nzito safi kabisa kwa shilingi ishirini kwa sababu mwenye kibanda hakujua ni nini ameshika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mitumba soksi ndio ziko mvunguni kabisa.

Lebo sasa. Soksi nyingi karatasi yake ilibaki huko Ulaya, lakini zingine zimefumwa maandishi chini ya wayo ama ziko na kakitambaa kadogo kameshonwa kwa ukingo. Shika maneno machache tu: Wolle ni ya Wajerumani, laine ni Kifaransa, lana ni ya Waitaliano na Wahispania, ull ni ya Norwe na Uswidi. Merino, ile sufu laini, ni merino kila mahali. Halafu jichunge sana na hii moja, BAUMWOLLE. Unaona iko na wolle ndani? Hiyo ni pamba! Mwaka wangu wa kwanza niliuzia watu Baumwolle nikiapa ni sufu, na haikuwa uongo, ilikuwa ujinga, mpaka mteja mmoja mwenye alisomea huko akanichekea mbele ya watu.

Kama hakuna lebo yoyote, geuza soksi ndani nje. Angalia kama iko na vitanzi vidogo vidogo kama vya taulo, hasa kwa wayo na kisigino, hivyo ndio vinashika hewa na ni hiyo hewa inakuwekea joto. Iinue mbele ya mwangaza, ukiona mtu wa pili kupitia hapo kama chandarua, rudisha. Vuta ukingo uachilie, ikirudi pap iko na maisha, ikibaki imelegea kama mdomo wa mzee amesinzia weka chini hata kama ni merino ya mfalme, kwa sababu itakuwa inakuingilia ndani ya buti kila dakika kumi. Mwisho bonyeza kisigino na pale chini ya kidole gumba na vidole viwili, hapo ndipo soksi hufia, ukisikia pamekonda na kwingine ni nene ujue mwenyewe alishakula zote.

SmartCasual_Umo

Kwa hivyo mtu avae soksi za marehemu wa Ulaya? Hapana bana. Enda Eastleigh, hizo duka za jumla, chukua dazeni ya soksi mpya, pea moja inakuangukia kama arobaini hivi, imetoboka unatupa unavaa ingine. Heshima ni bora kuliko joto.

KameraGikomba

@SmartCasual_Umo hapo 2020 wakati wa korona serikali ilisimamisha mitumba kuingia kutoka Machi mpaka Agosti, na hiyo Agosti watu walirudi Gikomba wakikimbia, kina heshima wote niliwaona. Dazeni ya Eastleigh ni sawa kwa mtu wa ofisi, na mimi mwenyewe najua duka mbili hapo siezi zitukana. Lakini ni pamba nyembamba na poliesta. Huyu ameuliza joto.

FundiWaNgara

Mimi ni fundi wa nguo, niongeze moja yenye tunafanya tukiletewa kitambaa hatukijui. Ukishanunua, chomoa kauzi kamoja kutoka ndani ya ukingo, ama kwa ile mikia mikia hua imebaki kwa vidole, washa kiberiti.

Sufu haipendi moto, inachomeka polepole kama imelazimishwa, ukiondoa kiberiti inajizima yenyewe, na harufu yake huwezi kosea ni ya nywele zimechomwa saluni. Inabaki kajivu keusi kenye ukibonyeza kanasagika. Akriliki na nailoni na poliesta zinayeyuka, zinajikunja zinaacha katone kagumu kama ushanga, na hako katone ni moto sana usiguse na kidole kama mimi. Pamba inawaka haraka inanuka karatasi na majivu yake ni mepesi ya kijivu. Ukipata harufu ya nywele NA ushanga hapo hapo, basi ni mchanganyiko, na kwa buti hiyo ndio nzuri kama vile Kamera amesema.

Ila tafadhali fanya hiyo kazi ukifika kwako. Usiwashe kiberiti ndani ya kibanda cha mtu, Gikomba imeungua mara nyingi ya kutosha, hatutaki tena tusikie chanzo ni soja alikuwa anapima soksi.

LenanaMbiliMara

Bro wacha nikujibu hiyo ya soksi mbili mbili kwa sababu hakuna mtu amegusa, na akili haikuchezi, ni kweli umeongeza baridi.

Mimi napandanga Mlima Kenya na kikundi chetu, kilele cha Lenana nimefika mara mbili, hiyo ni mita 4,985, na siku ya kufika juu mnaamka saa nane usiku mnaanza kutembea gizani ndio mpate jua likitoka juu. Mara ya kwanza nilifanya ujinga wako huo huo. Nilivaa soksi tatu, tatu! Buti ikanibana nikasema safi, imekaza. Saa mbili mbele guide ananiuliza vidole viko aje namwambia sijui kama viko. Akanikalisha kwa jiwe akanivua buti na akatoa soksi mbili akanirudishia moja, na nusu saa baadaye vidole vikaanza kuuma kama vimepigwa nyundo, hiyo ilikuwa damu inarudi. Nililia kidogo, kulikuwa giza hakuna mtu aliona.

Maana yake ni hii: soksi haina moto ndani yake, inazuia tu ule moto wako usitoke, na inauzuia kwa hewa imetulia katikati ya nyuzi. Ukijaza buti hadi inabana hiyo hewa imefinywa ikatoka, na mishipa ya mguu imefinywa pia, damu yenye ndio stima yako haifiki kwa vidole. Kwa hivyo soksi moja nene ya sufu na vidole vinacheza ndani ya buti inashinda soksi tatu zimejaa. Kama buti ni namba nane na wewe ni nane, soksi nene haitakaa hapo, tafuta njia upate tisa. Ongea na msimamizi, ama badilishana na mwenzako mwenye mguu mdogo.

Jambo la pili ni jasho. Sufu inaweza kunywa maji karibu theluthi ya uzito wake kabla mguu wako usikie imelowa, pamba ikilowa inakulalia kwa ngozi kama kitambaa cha kupanguzia meza. Lakini hata sufu ina mwisho. Kwa hivyo beba pea ya pili kavu, iweke ndani ya shati kwa tumbo iwe na joto, na saa saba usiku kabla vidole havijalala vua buti, panguza miguu, badilisha. Dakika tatu tu. Mimi kwa mlima hii imenisaidia kuliko soksi yoyote ya bei.

Ya tatu, unasimama wapi? Kama ni kwa simiti, hiyo simiti inakunyonya joto kupitia soli usiku mzima na hakuna soksi itashinda. Tafuta katoni, ikunje mara mbili tatu, ama kipande cha mbao ama zulia la zamani, usimame juu yake.

BodaKangemi

Sisi wa boda hatuna hizo sayansi zote. Soksi, halafu karatasi ya mkate juu ya soksi, halafu kiatu. Upepo haupiti. Zamani tulikuwa tunatumia zile juala za duka lakini tangu 2017 zipigwe marufuku juala limekuwa dhahabu, sasa ni mkate tu. Bonasi ni kwamba asubuhi watoto wamekula.

LenanaMbiliMara

Kwa boda sawa kabisa, wewe adui yako ni upepo na umande. Yeye amesimama ndani ya buti ya ngozi, upepo haumfikii, ukimwekea karatasi jasho inabaki ndani na tumerudi kwa ile barafu yake ya kondoo.

BodaKangemi

Haya mwalimu. Lakini mkate ule.

NesiWaZamu

Nafanya zamu ya usiku pia, kwa hivyo naelewa hiyo saa nane. Mambo mawili matatu halafu nirudi kazini.

Kaka, hiyo ganzi ikitoka asubuhi ukishatembea na kuoga, ni baridi na buti kubana kama ulivyoambiwa. Lakini kama inabaki hadi mchana, ama unasikia kama sindano hata ukiwa kitandani umejifunika, ama mguu mmoja ni tofauti na mwingine, usibaki ukinunua soksi, enda upimwe sukari. Watu wengi huja kwetu wakati kidonda kimeshatokea na hawakukisikia kikianza. Na mwenye sukari asivae soksi zenye ukingo unakaza, ukivua na kuna mfereji umechorwa kwa mguu hiyo inabana sana, hiyo ni hata kwa mtu mzima wa afya.

Ukifika nyumbani na miguu imekufa ganzi usiitumbukize kwa maji moto. Haisikii, itaungua na wewe unaona raha tu. Maji ya uvuguvugu, pima na kiwiko kama unaogesha mtoto.

Na najua masoja mnafanya hii: USIINGIZE JIKO LA MAKAA kwa kibanda ukafunga mlango na dirisha. Ile hewa yake haina harufu, usingizi unakuja mtamu na hauamki. Kila msimu wa baridi tunaletewa watu namna hiyo na wengine hatuwapati. Afadhali vidole viumie.

Soksi za mitumba osha na sabuni vizuri na uanike kwa jua kali zikauke kabisa kabla hujavaa, fangasi wa mguu wanapenda unyevu.

MamaWaUzi_Limuru

Kijana wangu shikamoo ni ya wakubwa lakini leo nakupa wewe kwa hiyo kazi ya usiku. Sisi huku Limuru tukisikia watu wa Nairobi wanalia baridi tunacheka, huku ukungu unaingia hadi kwa sufuria.

Mimi nimefuma tangu nikiwa msichana. Nataka kusema tu mkipata hizo sufu msiziue na maji. Mume wangu alikuwa na soksi moja ya sufu ya kijivu, nzuri, alipewa na mtu alikuwa amemfanyia kazi. Kijana wetu wa pili akaamua siku hiyo ni ya kusaidia mama, akazitia kwa karai na maji ya kuchemka na sabuni ya unga, akasugua kama ni magoti ya ovaroli. Tulitoa kitu cha ukubwa wa kiganja, kigumu kama kofia. Zilikuwa namba tisa zikawa za mwanasesere. Uzi wa sufu una magamba madogo madogo, ukiyapa moto na kusugua yanashikana na hayaachani tena milele. Maji baridi, sabuni kidogo ya kipande, bonyeza bonyeza, usikamue kwa kupinda kama kitenge, zilaze juu ya taulo. Huyo nesi anasema jua kali, mimi kwa sufu nasema kivuli chenye upepo, tutaelewana mbele.

Lakini hata hiyo aibu tulipata faida yake. Ukipata kwa fagia sweta ya sufu imeliwa na nondo ama imetoboka kiwiko, chukua hata kama ni ya shilingi hamsini, hiyo ndio sasa uichemshe makusudi. Itashikana iwe nene. Kanyaga juu yake, chora wayo wako na kalamu, kata, toa ile soli ya ndani ya buti uweke hiyo. Mimi nimewakatia watu wa kuchuna majani ya chai wanavaa kwa gambuti, na wakirudi ni kuniuliza ingine.

Ukitaka nikufumie naweza, lakini nikuambie ukweli uzi mwingi wenye unauzwa Nairobi ni akriliki, mzuri wa sweta za shule na vitambaa vya makochi. Uzi wa sufu yetu ya huku kwetu upo, unasokotwa Nanyuki na pande za Nyandarua, lakini unawasha ngozi, na ukihesabu uzi na siku zangu mbili kwa hiyo bajeti yako tutakosana. Nunua hizo za mitumba, zikitoboka ndio unione. Soksi ya sufu haitupwi kwa sababu ya tundu. Unaingiza balbu kwa kisigino, unapitisha uzi huku na huku kama unasuka mkeka juu ya tundu, vuta taratibu usikaze ndio isikuwekee fundo la kukukwaruza. Dakika kumi, mwaka mwingine mzima.

SojaWaGeti

Wasee nimerudi, wiki imeisha, mlinipa kazi nikaifanya.

Jumamosi nilitoka shifti nikashuka Tao nikatembea mguu hadi Gikomba na usingizi kwa macho, nikafika kitu saa moja na robo. Sikujua soksi ziko na mlango wake, nimezunguka kwa viatu, kwa mashuka, nikapitia kwa matandiko ya watoto, mama mmoja akanionea huruma akaninyoshea kidole. Kamera zilikuwa zimeanza kuisha. Nikainama. Nimeinama kama nusu saa mgongo ukalia, nageuza ndani nje, navuta, naachilia, mwenye kibanda ananiangalia ni kama mimi ni KEBS, wale wa serikali wa kukagua ubora. Ya kwanza yenye maandishi nikapata nikashtuka, nikasoma vizuri, BAUMWOLLE. Nilicheka peke yangu nikairudisha.

Halafu nikaguza moja ya kijivu na mstari mwekundu kwa ukingo, nzito, ndani taulo, kakitambaa kwa ukingo kameandikwa 70% ull na mengine yamefutika. Moyo ukapiga. Nikauliza bei kama mtu hana haja, akasema mia na thelathini, nikampa mia akachukua. Kwa rundo lingine mbele nikatoa za kahawia hazina lebo, hizo mia na ishirini. Na za tatu nyeusi fupi kidogo, themanini. Jumla mia tatu. Nikaongeza sweta moja ya fagia, hamsini, mbele inaonekana sawa mgongo ni wavu wa samaki.

Kiberiti nimepima hapa kwa geti saa tatu usiku. Za kijivu, nywele za saluni na kaushanga kadogo. Za kahawia, nywele tupu. Za nyeusi, ushanga mtupu, hakuna nywele, kwa hivyo hapo nimelishwa akriliki na siwezi lalamika kwa themanini. Mwenye nyumba wa ghorofa ya kwanza alifungua dirisha akaniuliza nachoma nini, nikamwambia ni soksi, akafunga dirisha pole pole.

Buti nimebadilishana na mwenzangu wa mchana, yeye ni saba na alikuwa amepewa tisa anaziburuta kama masandali, tumeshinda sote wawili hata kama zake za sasa zinamzidi kidogo bado. Katoni nimepata ya televisheni ya mtu wa ghorofa ya nne, nimeikunja nasimama juu yake hapa. Sweta nimechemsha, mke akadhani nimepika supu. Saa saba nabadilisha soksi, za kahawia zinatoka kwa tumbo zikiwa na moto kama chapati.

Sasa matokeo. Usiku wa kwanza saa nane ikapita vidole vikiwa vyangu. Saa tisa, viko. Saa kumi na nusu baridi ikaanza kuingia kidogo kutoka kando, ile ya alfajiri haina dawa, lakini ni baridi ya kawaida, si ile ya mbao. Naskia hadi kamchanga kameingia kwa buti. @NesiWaZamu ganzi ilikuwa inaisha asubuhi nikioga, lakini nitapima sukari mwisho wa mwezi, mzee wangu alikuwa nayo. Jiko kwa kibanda nilikuwa nawasha, sitadanganya. Nimetoa nje.

Za akriliki mke amechukua anasema ni za kulala. Na juzi nimemkuta na za kahawia pia.

@MamaWaUzi_Limuru swali moja, za kijivu ziko na katundu kadogo kwa kidole sikukaona sokoni. Hiyo balbu ni lazima iwe ile ya zamani ama hata hizi za LED zinakubali?

MamaWaUzi_Limuru

Ya zamani kijana, ile ya glasi ya mviringo. Hizi za LED ziko na plastiki shingoni itakushikia uzi. Ukikosa tumia chungwa gumu, lakini usimpe mtu alile.